Altaneta ya Kwenda Vanga

Mvua ya mwaka ule haikuwa mvua. Ilikuwa bahari iliyopanda juu kisha ikaamua kurudi chini yote kwa pamoja. Kuta za nyumba zetu Mji wa Kale zilitota mpaka chokaa ikawa inamenyeka kama ganda la chungwa, na jirani yangu mmoja aliapa kwamba amemkuta pweza kwenye ngazi zake. Mimi sikumwona pweza huyo, lakini sikumbishia.

Katikati ya mvua hiyo, Jumapili asubuhi, mlango wetu uligongwa na dereva wa lori aliyetoka Lunga Lunga. Alikuwa na ujumbe kwa mama mkwe wangu, ambaye tangu afiwe na mumewe alikuwa akiishi nasi. Tulimkaribisha chai, hakutaka. Alisimama pale pale mlangoni, maji yakimchuruzika, akasema kwamba ndugu yake mama, kaka wa tumbo moja, yuko kwake Vanga na hali yake si nzuri, na amesema: "Mwambieni dada'ngu aje nimtake radhi, kabla sijaondoka." Kisha akaongeza yake mwenyewe. Mto Umba umefura, mabasi hayapiti Lunga Lunga tena, na gari lisilovuka leo, la kesho analijua Mungu.

Mama mkwe hakuwa amemtia nduguye machoni kwa miaka. Mumewe alipofariki, ndugu huyo hakuja mazikoni, hakuja hitimani, wala hakutuma mkono wa tanzia. Mama akaapa hatakanyaga kizingiti chake. Nyumbani kwetu neno Vanga lilitajwa kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa. Basi dereva alipoondoka, mimi na mke wangu tulimtazama mama. Alikuwa ameketi kwenye jamvi akichambua mchele. Hakuinua uso. Alitoa kijiwe kimoja, akakitupa. Akatoa kingine. Halafu akaniuliza:

"Lile gari lako laweza?"

Gari langu lilikuwa la magurudumu manne yote yenye kuvuta, lenye turubai nyuma, na lilikuwa na umri wa mimi kuliamkia shikamoo. Nilipolinunua mnadani watu waliniuliza nimelichimbua wapi. Kwa nguvu, wallahi, ungeliambia lipande ukuta wa Ngomeni lingepanda, tena likiwa na magunia. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: umeme. Lilikuwa bado na dainamo yake ya zamani, na dainamo ile ilizalisha umeme wa kumulikia kidole gumba. Jua likiwaka hapakuwa na neno. Lakini ukiwasha taa, waipa za kufutia kioo zinalala. Ukitaka waipa, taa zinafifia kama kibatari kilichokaukiwa mafuta. Ukivitaka vyote viwili, betri inanywewa mpaka tone la mwisho na injini inazimika njiani. Na safari ya Vanga siku ile ilihitaji vyote viwili, tangu mlangoni kwetu hadi mlangoni kwake.

Dawa nilikuwa nayo, iko chini ya kitanda. Ilikuwa altaneta, mtambo wa kisasa wa kuzalisha umeme, niliyoitoa kwenye gari dogo lililogongwa, na ilikuwa imelala pale muda mrefu hata mke wangu akaanza kuniuliza kama na yeye aitandikie shuka. Nilichokosa ni fundi wa kuifunga, maana fundi wangu, bingwa wa umeme wa magari kule Majengo, alikuwa kila siku ananiambia wiki ijayo.

"Laweza, Mama," nilisema. "Nipe hadi adhuhuri."

Nilikuwa nimehitimu shule ya jioni, nikisoma baada ya kazi yangu ya ukarani kwenye ghala la Mbaraki, na mtu aliyefaulu fizikia baada ya kutwa nzima ya kuhesabu magunia huwa haogopi kusema hadi adhuhuri. Nilitoka mbio hadi Majengo.

Fundi alinipokea amejifunga msuli kiunoni, sahani mkononi.

"Yakhe, leo Jumapili," alisema. "Mvua yanyesha. Mke wangu apika pilau. Mambo matatu hayo. Lingekuwa moja ningekuja."

"Mama mkwe wangu anataka kumuwahi nduguye Vanga. Yu mahututi, na wana neno baina yao."

Fundi aliiweka sahani chini, akaingia ndani, akatoka na suruali na kikapu cha spana. La pilau hakulitaja tena. Tulirudi kwa piki piki yake, mimi nyuma nimeshika mwavuli uliopinduka kabla hatujafika barabara kuu, nikabaki nimekamata kijiti kama bendera ya timu iliyofungwa.

Gari lilikuwa limeegeshwa Ndia Kuu, chini ya roshani ya nyumba ya jirani, na roshani hiyo ndiyo iliyokuwa paa la gereji yetu. Fundi alifungua boneti, akatazama, akafyonya.

"Nani aliyeikaza dainamo hii? Mreno?"

Bolti ya chini ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi hata ikawa kitu kimoja na chuma. Tuliimwagia mafuta ya taa, tukaigonga, tukaisemesha, tukaigonga tena. Spana iliteleza, nikachubuka vidole mpaka nikaona nyota mchana. Kila mara tulipopumzika nilisikia dirisha la juu likifunguka, na sauti ya mama:

"Bado?"

"Karibu, Mama."

Dirisha linafungwa. Bolti ilipokubali hatimaye, ilikatika kwa mlio uliowatoa watu misikitini, na ikawa lazima fundi aitoboe iliyobaki kwa keekee ya mkono, akiwa amejikunja chini ya gari, maji ya mtaro yakimpita mgongoni. Altaneta nayo haikuketi vizuri. Ilikuwa ya gari jingine, na kikono cha kuishikia kilikuwa kifupi. Fundi alikata kipande cha bomba la maji, akakitia katikati kama mto wa kichwa, akakaza. Fanbelti ikawa fupi. Akaenda kwa piki piki, akarudi na nyingine ameivaa shingoni kama shada la bwana harusi. Mwisho akakifunga kile kidude ambacho mafundi hukiita katauti, kinachoizuia altaneta isitoe umeme kupita kiasi, akakipigilia bolti kwenye bati la ndani ya boneti, pale pale kilipokuwa cha zamani.

Adhuhuri ilikuwa imepita. Dirisha lilikuwa limeacha kufunguka. Hilo lilinitia hofu zaidi ya kule kufunguka.

"Piga stati," alisema fundi.

Injini ikanguruma. Niliwasha taa, na Ndia Kuu ikamulikwa kama siku ya harusi. Niliwasha waipa, zikacheza zote mbili, chap chap, huku taa haziyumbi. Nilikuwa sijapata kuona muujiza mkubwa kama huo, na nimewahi kuona mtihani wangu wa hesabu ukirudi na alama za kufaulu. Mshale wa chaji ulikwenda mpaka mwisho wa kulia, ukaganda hapo.

"Wauona?" fundi alinipigia kelele. "Hiyo ndiyo altaneta, bwana! Itajaza betri mpaka iseme imeshiba!"

Tuliliacha lingurume ili betri ijae. Fundi akaenda kunawa tindikali na grisi kwenye bomba la jirani. Mimi nikaanza kupakia: jagi la maji, mikate ya mofa, godoro jembamba la mama kuketia. Mshale ulikuwa pale pale kulia. Ulitakiwa urudi nyuma kadiri betri inavyojaa. Haukurudi. Nilisikia pia harufu, kama ya yai viza, na chini ya boneti kitu kilikuwa kinatokota mfano wa sufuria ya uji. Nilikuwa ndio kwanza nainua shingo kutaka kumwita fundi, mama akatoka mlangoni.

Alikuwa amevaa buibui lake, kitambaa kimekazwa chini ya kidevu, na mkononi amebeba chetezo. Makaa mekundu, ubani juu yake, moshi ukimtangulia. Kwetu safari nzito haianzi bila kufukizwa. Bibi harusi hufukizwa, nguo za Idi hufukizwa, hata mtoto anayekwenda chuoni kusoma Kurani mara ya kwanza. Gari linalompeleka mtu kutakana radhi na nduguye, mama asingeliacha liondoke hivi hivi. Alizunguka magurudumu, midomo ikitembea kwa dua. Akafika mbele. Boneti iko wazi. Akakiinua chetezo, akakipitisha juu ya injini, kisha, kwa vile yeye si mtu wa kazi nusu, akakishusha ndani.

"Mama, hapo si...!"

Betri ilipasuka kwa kishindo ambacho mpaka leo nasadiki walikisikia Zanzibar. Kifuniko chake kiliruka kikapiga sakafu ya roshani. Chetezo kiliniparamia kifuani. Mama alikuwa amesimama na mikono hewani, moshi umemzunguka, na buibui lake linafuka sehemu kumi.

"Maji!" Fundi alikuja mbio na ndoo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Mombasa fundi wa Majengo akammwagia maji mama wa watu mwenye heshima zake, kuanzia kichwani. Akarudia. Akamsogeza kwenye mtiririko wa mvua uliokuwa ukitoka kwenye roshani. "Usijifute macho, Mama! Yafumbue, yafumbue maji yapite!"

Macho yalikuwa salama. Mkono mmoja ulikuwa na wekundu. Buibui lilikuwa na matundu kama chujio la chai. Mke wangu alishuka ngazi akilia, akataka kumwingiza ndani, lakini mama akasimama pale pale kwenye maji, akaniuliza:

"Gari?"

Hapo ndipo nilipojua jinsi alivyotaka kwenda.

Gari lilikuwa zima, ila betri ilikuwa magofu. Fundi aliinamia kile kidude cha katauti, akakitikisa, akajipiga kipaji. Bati alilokifungia lilikuwa na kutu nene chini ya rangi. Waya wake unaotakiwa ushike mwili wa gari haukushika chochote, na katauti isiyoshika mwili haizuii kitu. Altaneta ilikuwa imemwaga umeme wake wote, betri ikachemka, ikatoa ile hewa yake inayowaka, na mama akailetea makaa. Fundi akakwangua bati hadi likang'aa kama sarafu, akakaza upya.

"Sasa haitarudia. Lakini betri sina. Na leo Jumapili, maduka yote ya spea yamefungwa."

Watu walikuwa wamejaa. Kila mmoja na rai yake. Jirani wa pweza ndiye aliyesema la maana:

"Si iko ya msikitini? Ile ya kipaza sauti, umeme ukikatika."

Ikaitwa. Yaani akaitwa mtunzaji wa msikiti, mzee mpole, akaja na funguo mkononi na kutufahamisha kwamba betri ni ya wakfu, ila hii nayo ni dharura, na kama tutairudisha...

"Haitoki," alisema mama.

Sote tuligeuka. Alikuwa ameketi barazani kwenye upenu, amefunikwa leso, anatetemeka kwa baridi.

"Mama," nilisema, "ni ya kuazima tu."

"Nilichanga mimi kwenye betri hiyo. Wakfu hauazimwi, baba. Nitoke hapa niende kusamehewa na kusamehe, nikiwa nimemkopa Mungu bila idhini yake? Umeme ukikatika Magharibi, watu wakakosa adhana kwa ajili yangu, nitamwambia nini huko?"

"Basi utakosa kufika."

Nilimwona anaumeza uchungu kama mtu anayemeza shubiri. "Nitakosa," alisema. "Nimemkosa miaka, nitamkosa na leo."

Mtunzaji wa msikiti akatazama funguo zake.

Fundi alikuwa ameshakwenda kwenye piki piki yake. Alirudi na betri yake ndogo, ya ukubwa wa mkate, akaiweka mahali pa ile kubwa. Ilionekana kama mtoto aliyeketishwa kwenye kiti cha kadhi.

"Hii haina nguvu ya kupiga stati," aliniambia. "Utapiga kwa hendeli, kwa mkono, kama walivyofanya wazee wako. Lakini injini ikishaamka, altaneta itabeba kila kitu, taa, waipa, hata muziki ukitaka. Dainamo yako ile isingeweza. Sharti moja. Usizime. Ukizima, omba Mungu na uwe na mkono wenye nguvu."

"Na wewe utarudi vipi Majengo?"

"Nitaisukuma. Pilau limeshapoa, haraka ya nini?"

Niliingiza hendeli mbele, nikazungusha. Mara ya kwanza ilinirudisha nyuma ikataka kuning'oa bega. Mara ya pili injini ikakohoa. Ya tatu ikaamka. Mama aliketi nyuma, kama inavyostahili mama mkwe, na buibui lake lile lile la matundu, maana alikataa kubadili asije akachelewa. Tukatoka.

Feri ya Likoni nilikuwa nimeisahau.

Tulipoingia tu, akaja kijana wa zamu, kavaa koti la mvua la rangi ya ndimu. "Zima gari!"

"Ndugu yangu, hili likizimwa haliwaki."

"Kila siku naambiwa hivyo. Zima."

"Nina mgonjwa Vanga."

"Na mimi nina abiria elfu humu ndani. Zima, baba, usinitie matatani."

Nilitazama kwenye kioo. Mama alikuwa ananitazama. Nikaikata injini. Waipa zikasimama katikati ya kioo. Njia yote ya kuvuka, ambayo ni fupi hata ukitema mate Kisiwani yanafika Likoni, niliona kama tunakwenda Bombay. Nyuma, mama alikuwa akisoma kimya kimya, na mara mbili nilisikia pumzi yake ikikatika.

Mlango wa feri ulipogusa ardhi nilishuka na hendeli. Nilizungusha. Kimya. Nilizungusha tena. Lori lililokuwa nyuma yangu likapiga honi.

"Ewe! Wasaga unga hapo?" dereva wake alipaza sauti.

"Mpe na ngano amalizie!" akadakia mwingine.

Mikono ilikuwa imelowa, inateleza. Nilizungusha mara nyingine, hendeli ikanipiga kifundo. Honi zikawa tatu, nne, kama harusi. Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguka. Mama alishuka kwenye mvua, akatembea hadi kwenye lori, akamwinulia dereva uso, na kitambaa chake cha matundu.

"Mwanangu," alimwambia, "nyamaza kidogo. Kama una nguvu za kupiga honi, shuka umsaidie mkwe wangu."

Dereva alishuka. Alikuwa na mikono mikubwa kama majembe. Alishika hendeli, akasema bismillahi, akaizungusha mara moja tu, na injini ikaamka kwa ngurumo iliyonitoa machozi, ingawa nilisema ni mvua.

Sitaeleza sana ya njiani. Baada ya Lunga Lunga hapakuwa na barabara, palikuwa na ugali mwekundu, na maji yalifika hadi juu ya magurudumu, na nilikuwa nimeshika usukani kwa namna ambayo vidole vyangu vilibaki na alama zake kwa wiki nzima. Mahali mto ulipokuwa umeikata njia, maji yalikuja yakagonga mlango. Mama hakupiga kelele. Taa hazikufifia. Waipa zilikwenda chap chap, na kila nilipotazama mshale ulikuwa umesimama katikati, wala kulia wala kushoto, kama mtu mwenye akili zake.

Tulifika Vanga mchana unaanza kuchoka. Mlangoni kwa nduguye mama kulikuwa na wanawake wengi wameketi, nikadhani tumechelewa, lakini mmoja wao akainuka akasema: "Yu hai. Tangu asubuhi anauliza." Mama alishuka. Alifika kizingitini, kile alichoapa hatakikanyaga, akasimama kwa muda wa pumzi moja. Kisha akavua viatu, akapita.

Mimi nilibaki garini, mguu kwenye mafuta, injini inanguruma. Niliogopa kuizima. Nilijua kama atakuwa na haraka ya kurudi kabla mto haujafunga, au kama atatoka amekasirika, lazima niwe tayari. Kwa hiyo sikusikia walichoambiana. Watu wameniuliza baadaye, mke wangu zaidi ya wote. Mimi nilisikia injini tu. Nilimwona msichana akipeleka maji ndani, kisha akitoka anajifuta uso. Nilimwona mzee mmoja akifunga dirisha taratibu. Mvua ilipiga turubai. Nilikula mkate wa mofa wote bila kujua.

Hatimaye mama alitoka. Hakuja mpaka kwenye gari. Alisimama mlangoni, kichwa wazi kidogo, kitu ambacho sijapata kukiona kwake mbele za watu, akaniashiria kwa mkono wake wenye wekundu.

"Zima gari, baba."

"Mama, nikizima huenda lisiwake tena."

"Lisiwake," alisema. "Sirudi leo. Nimemwambia nitamlisha mimi uji wa kesho."

Nikageuza ufunguo.